Shujaa ni nani?



Siku moja niliwakuta watoto wa kartie yetu wakicheza vita kwa miti. Kila mmoja alitaka kuwa Rambo. Hakuna aliyekubali kuwa adui, maana katika sinema adui hana jina, kazi yake ni kuanguka tu. Nikajiuliza: ni nani aliyewafundisha kuhesabu watu hivi?

Katika filamu ya kwanza ya Rambo, ya mwaka 1982, askari aliyerudi kutoka vita ya Vietnam anaishia kulia machozi, kisha anajitoa mikononi mwa serikali. Filamu ya pili, ya 1985, ilimrudisha Vietnam kuua watu wengi, na hiyo ikapendwa kupita ya kwanza. Mwaka ule ule Reagan, rais wa Marekani, alitania kwamba kwa kumwona Rambo amejua la kufanya siku nyingine. Kama rais mzee anasema hivyo, mtoto wa miaka 10 atasema nini? Kwetu, katika vita ya 1996 na 1997, tuliona makadogo wakibeba bunduki. Sinema haikuleta vita ile. Lakini mtoto aliyekwisha kusadiki kwamba bunduki ndiyo inamfanya mtu kuwa mtu, huyo akiitwa hakawii.

Mtu atauliza: «Shemasi, askari anayelinda wajane si shujaa?» Anaweza kuwa. Ubaya wa filamu si kwamba inaonyesha ujasiri, ila inaficha bei yake. Tunaona risasi, hatuoni kaburi, wala mama anayemngoja mtoto wake mlangoni.

Sisi tunaye shujaa mwingine. Septemba 1921 Papa Simon Kimbangu alijitoa mwenyewe mikononi mwa wakoloni, wala hakuruhusu watu wake kupigana. Alihukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 30 mpaka alipofia Elisabethville mwaka 1951. Hakuua mtu. Utawala uliomfunga umekwisha; yeye anakumbukwa mpaka leo.

Mithali 16:32 inatufundisha kwamba anayeitawala roho yake anampita anayeteka mji.

Wazazi, kuzima televizio hakutoshi. Keti karibu na mtoto wako, umwulize: «Huyu aliyeanguka, mama yake ni nani?» Akianza kutafuta jibu, amekwisha kumwona adui kuwa mtu.

Mungu atubariki sote.

Shemasi wenu