Danganya Toto

Mtoto wa kwanza kukutana naye alimwamkia. "Shikamoo," alisema, mkono mmoja umeshika chuma cha kitanda. Mimi nilikuwa nimesimama mita tano nyuma, rimoti nimeificha ndani ya mkoba wa begani, nikabonyeza kitufe kilichokuwa chini ya kidole gumba. Roboti ikapiga mluzi. Mtoto akawageukia wenzake akicheka: "Kaitikia marahaba!"

Hakuitikia. Au tuseme haikuitikia, na hapo ndipo Kiswahili kinapokubana. Huwezi kumaliza sentensi moja kuhusu kitu hiki bila kuamua kama ni kitu. Mimi, kama fundi, nasema "hii". Mke wangu akiwa na hasira husema "hili dude lako". Akiwa na raha humwita Mgeni, kwa sababu anakaa sebuleni, hachangii chochote, na hakuna anayejua ataondoka lini. Watoto wa wodini hawakufikiria hata sekunde moja. Walisema "huyu".

Mgeni ni nakala ya R2-D2, ile roboti fupi yenye kichwa cha bakuli kwenye filamu za Star Wars. Ni nakala ya ukubwa wake halisi: kimo kama sentimita 109, kichwa chenye kipenyo cha sentimita 46 hivi, miguu mitatu. Mara ya kwanza niliiona kwenye kibanda umiza, nikiwa darasa la nne, kwenye kanda iliyotiwa sauti na mtafsiri. Yule bwana hakuacha kitu. Alitafsiri hadi miluzi. R2-D2 ya utoto wangu ilikuwa inatukana, inadai mshahara, na kuna mahali ililalamikia jangwa ikasema afadhali Dodoma. Nilifika chuo kikuu ndipo nikaiona filamu yenyewe bila mtafsiri, nikagundua kwamba kiumbe nilichokipenda hakijawahi kutamka neno hata moja.

Duniani kuna watu wengi wanaoijenga nyumbani. Klabu yao kubwa ilianzishwa mwaka 1999 na Mwaustralia Dave Everett, na tangu hapo wanapeana michoro na vipimo, na wanabishana miaka nenda miaka rudi kuhusu bluu ipi ndiyo bluu yenyewe. Wawili kati yao, Waingereza Lee Towersey na Oliver Steeples, waliishia kuajiriwa kujenga R2-D2 za filamu ya mwaka 2015, The Force Awakens. Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Tabata, na ndoto hizo sikuwa nazo. Nilitaka kuona kama inawezekana. Ilichukua miezi 14.

Kichwa kilitoka Gerezani. Fundi wa masufuria aliniuliza bakuli la ukubwa ule ni la pilau ya watu wangapi. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akanitajia bei nyingine. Kiwiliwili ni fremu ya plaiwudi iliyozungushiwa plastiki ngumu ya mabango. Mota ni za waipa za basi, nilizipata kwa wauza spea wa Ilala, na rimoti ni ya gemu, ya mtumba. Miguu ndiyo iliyonitesa. Kila nilipoikatisha kona ghafla, Mgeni aliinama kama mlevi, na mara mbili aliangukia kabati la vyombo. Mwishowe nilizitoa betri kifuani nikazishusha miguuni, kitovu cha uzito kikawa chini, akatulia. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walipata mfano mzuri, mke wangu alipoteza glasi sita. Na pesa nilizotumia zilikuwa za kupaua choo cha uani. Nalisema mwenyewe kabla halijasemwa na mwingine.

Kadiri nilivyoendelea kujenga na kusoma, ndivyo nilivyoona kwamba ninanakili kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Walipokuwa wakirekodi Tunisia mwaka 1976, roboti za kuongozwa kwa redio zilikuwa zinakwama na kupotea njia, na kuna wakati zilivutwa kwa waya. Kwenye filamu ya kwanza unaweza kubahatisha siri kwa kuhesabu miguu. Ikiwa na mitatu, kuna mtu pembeni na rimoti. Ikiwa imesimama kwa miwili na kuyumbayumba kama mtu mwenye jambo moyoni, basi mtu yumo ndani: Kenny Baker, mwigizaji Mwingereza mwenye kimo cha sentimita 112, amejibana kwenye joto lile. Hata miluzi si ya mashine tupu. Ben Burtt, aliyeitengeneza, alichanganya milio ya sintesaiza na sauti ya koo lake mwenyewe. Kila tulichokipenda pale kilitoka kwa mtu aliyefichwa. Kwa hiyo nikijisifu kwamba nakala yangu ni aminifu, sijui niseme ni aminifu kwa kitu gani, kama si kwa huko kuficha.

Wajenzi wengi wana adabu moja wanapokwenda kwa watoto: rimoti haionekani. Unasimama mbali, unaangalia dari, unajifanya mpita njia. Niliifuata adabu hiyo, tena nikaipita. Kenny Baker alisimulia kwamba mle ndani alikuwa hasikii vizuri anachoambiwa, nami nikaona hapa naweza kuishinda filamu. Nilifunga maiki ndogo nyuma ya jicho la Mgeni, nikaiunganisha na spika ndogo sikioni mwangu. Mtoto akinong'ona katikati ya kelele, ningemsikia na kumjibu kwa wakati. Nilijipongeza kwa ufundi. Sikuona kwamba nimetengeneza sikio ambalo mwenyewe hajulikani.

Sista mkuu wa wodi ya watoto waliovunjika mifupa alituruhusu kuingia Jumamosi moja mchana. Mle ndani hakuna aliyekuwa ameiona Star Wars, na hili sikuwa nimelipigia hesabu. Mtu aliyekata tiketi ya sinema amekubali kudanganywa. Anayesimama kutazama mazingaombwe sokoni anajua kuna kitu mkononi mwa yule jamaa, na furaha yake ni kutokukiona. Watoto wale hawakukata tiketi yoyote. Kwao Mgeni hakuwa nakala ya kitu. Alikuwa yeye.

Kulikuwa na binti wa miaka minane hivi, aliyegongwa na bodaboda, mguu wa kulia uko kwenye hogo jipya mpaka juu ya goti. Alisubiri wenzake watawanyike kufuata biskuti. Kisha akakiinamia kile kichwa cha alumini, na sauti yake sikioni mwangu ikawa karibu kuliko ya mtu yeyote mle ndani. Alisema vidole vya mguu vimekufa ganzi tangu usiku na hogo linabana. Sista alipomuuliza amesema hakuna shida, kwa sababu daktari kaahidi kwamba akionekana yuko vizuri Jumatatu ataruhusiwa. Mama yake analala sakafuni kando ya kitanda, mdogo wake ameachwa kwa jirani, na vitumbua havijapikwa wiki nzima.

"Usimwambie mama. Unaahidi?"

Nilibonyeza. Sikufikiri. Kidole kilikuwa kimeshazoea kwamba swali likiisha, unajibu, maana ukimya wa sekunde mbili huua mchezo. Na kitufe kilichokuwa chini ya kidole kilikuwa cha mluzi wa kukubali, ule unaopanda juu. Binti akakipapasa kile kichwa, akajilaza.

Nadhani nilisimama dakika tano. Halafu nikamfuata sista na kumwambia nilichosikia, na nilivyokisikia. Hakunigombeza, hakuwa na muda huo. Alikwenda kitandani, akavigusa vidole, akaita daktari. Kabla ya jua kuzama hogo lilikuwa limepasuliwa kwa urefu na kulegezwa. Mguu ulikuwa umevimba ndani. Sista aliniambia baadaye kwamba hilo si jambo la kusubiri Jumatatu. Binti, bila shaka, hakuruhusiwa Jumatatu.

Mpaka hapo hakuna swali. Yeyote angesema. Mke wangu alisema nimefanya vizuri, jirani yetu mzee akasema Mungu ndiye aliyenipeleka pale, na wote wawili walishangaa kwa nini silali. Kinachonikosesha usingizi si kusema kwa sista. Ni ule mluzi.

Ahadi ni deni, na deni lina mdaiwa. Hapa mdaiwa ni nani? Mgeni hawezi kuahidi, ni plaiwudi na mota za waipa. Mimi sikuulizwa kitu, binti hakujua hata kama nipo. Kwa siku kadhaa nilijificha kwenye upenyo huo na kujiona salama: ahadi ilitolewa na kitu kisichoweza kuahidi, ikavunjwa na mtu ambaye hakuahidi, jumla sifuri. Wanafunzi wakiniletea hesabu inayotoka safi namna hiyo huwa nawaambia warudie.

Nikairudia, na ugumu wake uko hapa. Siri ile alimpa Mgeni kwa sababu Mgeni si mtu mzima. Angeniona mimi, mwanaume mgeni mwenye mkoba, asingesema neno. Kama nisingejificha, ganzi ile isingejulikana, labda hadi kuchelewa. Mwenzangu anayefundisha uraia anashika hapohapo: basi uongo wako umeokoa mguu, unataka nini tena? Simwezi kwa hoja. Najua tu kwamba mwizi anaweza kuvunja dirisha usiku akakuta nyumba inaanza kuungua, akawaamsha wenye nyumba. Watamshukuru, na watakuwa na haki ya kumshukuru. Lakini hakuna atakayemwambia arudi kesho.

Ninavyoona sasa, kosa halikuwa kumfanya mtoto aone roboti inaishi. Watoto huongea na wanasesere wa vitambaa na magari ya makopo, na hakuna anayeumia. Mtoto anayecheza anaushika mchezo mwenyewe, akitaka anauacha. Yule binti aliuacha. Aliposema "Unaahidi?" alikuwa ameshatoka nje ya mchezo, anauliza kweli, na anayeulizwa kweli anadaiwa ama jibu la kweli ama ukimya. Mimi nilimjibu nikiwa bado ndani ya mchezo. Miluzi isiyo na maana ningeweza kumpa mchana kutwa. "Ndiyo" sikuwa na haki ya kumpa.

(Siku hizi kuna simu zinazojibu, zinazotoa pole na kusema "nakuelewa" saa nane za usiku, na watu wazima wanaziambia wasiyowaambia ndugu zao. Mimi huwaza tu ni nani ameshika rimoti, na amesimama mita ngapi.)

Nilirudi baada ya wiki mbili. Maiki nilikuwa nimeing'oa, na pale ilipokuwa pamebaki tundu dogo ambalo sijalifukia. Rimoti niliivaa shingoni kwa kamba, kama filimbi ya refa. Niliogopa watoto watanuna. Hawakujali hata kidogo. Waliniona ninabonyeza, wakaniona ninakosea, na bado waliendelea kusema "huyu". Kijana mmoja mwenye mkono kwenye kombeo alinishauri niwe mwepesi kidogo, kwa sababu "anachelewa kujibu".

Binti alikuwepo, hogo lingine. Hakuita. Nilipofika kitandani kwake aliitazama roboti, kisha akaitazama rimoti shingoni mwangu, kisha mimi.

"Inasikia?" aliniuliza.

"Haisikii. Siku ile nilikuwa nasikia mimi." Nikaona nimalize yote. "Aliyemwambia sista ni mimi. Na aliyekuahidi ni mimi pia."

Mama yake, aliyekuwa anakunja kanga pembeni, akadakia haraka, kwa ile aibu ya mzazi: "Mshukuru anko, mwanangu. Sema ahsante." Binti hakusema ahsante, na nilifurahi kwamba hakusema. Alinyoosha mkono. Ilinichukua muda kuelewa anachotaka. Nikaivua rimoti nikampa.

Alibonyeza kitufe cha kulia, na Mgeni akapiga ule mluzi unaopanda. Akasubiri. Akabonyeza tena, akakisogeza kichwa karibu kama mtu anayepima kitu, akabonyeza mara ya tatu.

"Hiki ndicho cha ndiyo?"

"Ndicho."

"Cha hapana ni kipi?"

Nikamwonyesha. Kiko upande wa kushoto, na rangi yake ilikuwa bado haijachubuka.