Pima, Usikisie

Wanangu mliotoka kliniki majuzi mkiwa mmeambiwa mna kisukari, najua mmepewa maelekezo mengi na nusu yake yamepotea kwa mshtuko. Mimi nimeishi na maradhi haya tangu nikiwa na umri wenu, na wenzangu niliokuwa nakaa nao benchi moja la kliniki, baadhi nimewazika. Ninalowaomba ni hili: msiyapime maradhi haya kwa namna mnavyojisikia.

Sukari ikipanda haiumi. Ukishatumia dawa wiki chache, kiu inakata, usiku huamki tena kila saa kwenda msalani, nguvu zinarudi. Hapo ndipo mtu hujiambia amepona. Hujapona, mwanangu, ni dawa hiyo inayokushikilia. Nimewaona walioacha vidonge wakati huo, wakahamia kwenye majani ya kuchemsha na asali, tena asali yenyewe ni sukari. Walichapa kazi kwa miaka, watu wakiwaona wazima, kumbe mishipa midogo ya macho, ya figo na ya miguu inaharibika taratibu. Macho yalipoanza kuona ukungu, madhara yalikuwa yamekwisha kwenda mbali.

Basi pimeni. Kwa watu wazima wengi, sukari inatakiwa iwe kati ya 4 na 7 mmol/L kabla ya kula, na isifike 10 saa mbili baada ya kula, ingawa daktari anaweza kukupangia viwango vyako. Nawa mikono kwa sabuni kwanza, uikaushe. Ukimenya embe kisha ukajichoma kidole hivyo hivyo, mashine itasoma na utamu wa embe, uhangaike bure. Choma ubavuni mwa kidole, maumivu ni kidogo kuliko kwenye ncha. Namba uiandike daftarini pamoja na ulichokula. Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha chapati na chai ya sukari vinakufikisha wapi, na ugali wa ngumi moja, mchicha nusu sahani na dagaa vinakuacha wapi. Litakuonyesha pia kwamba dona nayo inapandisha ukijaza sahani, na kwamba kutembea kidogo baada ya chakula kunashusha, kwa kuwa misuli ikifanya kazi hutumia sukari iliyomo kwenye damu.

Wapo wanaojinyima siku mbili kabla ya kliniki ili namba ya asubuhi ipendeze. Wanajisumbua. Kipimo cha HbA1c kinaonyesha hali ya sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita.

Miguu nayo hunyamaza, kwa sababu mishipa ya fahamu ikiharibika ganzi huingia. Mwenzangu mmoja alishinda na kokoto ndani ya kiatu, akaja kugundua jioni alipovua soksi na kuikuta ina damu. Kidonda kile kilimgharimu vidole viwili. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, usitembee pekupeku hata uani, na kila usiku tazama nyayo zako, kwa kioo ikibidi.

Sukari ikishuka, kwa kawaida mwili husema: jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa anayechoma insulini na kwa wanaomeza baadhi ya vidonge. Ukiwa chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, ngoja dakika 15, upime tena. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari kabla mwezi haujaandama, na akishuka hivyo mchana, afungue.

Na usiufiche ugonjwa huu. Mwambie mkeo au mumeo, mwambie na mmoja wa unaofanya nao kazi. Akikukuta unaongea ovyo na jasho linakutoka, asidhani umelewa, akupe kitu kitamu upesi. Akikukuta umezimia, asikumiminie chochote mdomoni. Akulaze ubavu, akuwahishe hospitali, na awaambie wauguzi mlangoni kwamba una kisukari.