Unafuu Wangu, Hatari ya Nani?

Mwaka jana, mvua za masika zilipokwisha, gari langu lilianza kulia kila nilipokanyaga breki. Ni gari dogo, kuukuu, nililolinunua kwa kiinua mgongo, nami naishi Lushoto, mahali ambapo breki ndiyo roho ya gari. Nikalipeleka kwa fundi. Akafungua gurudumu la mbele, akanionyesha pedi zilivyoliwa hata kubaki nyembamba kama sarafu. "Mwalimu," akasema, "hizi zimekwisha. Usishuke nazo Mombo."

Nikamwuliza bei, naye akanitajia aina tatu. Kwanza, pedi za kampuni iliyounda gari lenyewe, shilingi 140,000. Pili, za kiwanda kingine kinachojulikana, shilingi 65,000. Tatu, zile zinazouzwa katika boksi jeupe lisilo na jina wala anwani, shilingi 20,000. "Hizi za mwisho ndizo wanazoweka wengi," akaongeza. "Gari litasimama tu, Mwalimu."

Ndugu msomaji, mstaafu hahitaji kufundishwa utamu wa kubakiza fedha. Mwezi ule nilikuwa na ada ya mjukuu mkononi, na tofauti ya bei ile ilikuwa na kazi yake tayari. Nikamwambia fundi, "Mwanangu, nipe muda nifikiri," nikarudi nyumbani kwa miguu. Usiku ule sikulala vizuri, na sababu yake ni jambo ambalo sijapata kuliandika mahali popote.

Mwaka 1996 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, ambacho sitakitaja. Fedha za matumizi zilikuwa haba, na lori la chuo lilihitaji lainingi mpya za breki. Dereva wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuja ofisini kuniomba tununue zile imara. Nikalinganisha bei, nikaidhinisha zile nafuu. Nilijiona mlinzi mwema wa mali ya umma, na kwa hakika akiba ile ilisifiwa katika kikao. Wiki chache baadaye lori liliwapeleka wanachuo milimani kwa mazoezi ya kufundisha. Wakati wa kurudi, katikati ya mteremko, breki zilipata moto zikaacha kushika. Dereva akaligongesha lori kwa makusudi kwenye ukingo wa upande wa mlima, ili lisitumbukie bondeni. Hakufa mtu. Lakini mwanachuo mmoja, msichana wa miaka 20, alivunjika mguu, na mguu ule haukurudi kuwa kama zamani. Alihitimu, akaenda kufundisha akichechemea.

Katika taarifa niliandika: "hitilafu ya breki." Sikuandika nani alichagua breki zile. Hapana budi mtu alaumiwe, basi dereva akaandikiwa barua ya onyo, na saini iliyokuwa chini ya barua hiyo ilikuwa yangu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaondoka. Hakusema neno. Sikumwomba radhi mpaka anafariki dunia.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba kosa langu lilikuwa kununua cha rahisi. Watu husema rahisi ni ghali. Usemi huu ni wa busara, lakini humwonya mnunuzi tu: ukinunua kiatu kibovu, ni wewe utakayekanyaga mwiba. Katika breki mambo hayaendi hivyo. Akiba ilikuwa yangu na ya chuo. Mguu ulikuwa wa msichana, na barua ilikuwa ya dereva. Wala hakuna aliyemwuliza msichana yule kama anakubali kuweka mguu wake rehani ili chuo kibakize fedha. Hapa ndipo lilipo swali lenyewe la maadili. Nikibana matumizi yangu, nina haki ya kujihatarisha mwenyewe kwa kiasi fulani. Je, nina haki ya kumhatarisha mtu asiyejua na asiyepata faida yoyote?

Sitaki nieleweke vibaya. Unafuu si dhambi. Katika mwezi wa Agosti 1888, Bertha Benz wa Ujerumani alichukua gari alilolibuni mumewe, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kiasi cha kilometa 100. Breki za gari lile zilikuwa vipande vya mbao, na vilima vya njiani vikazila. Mama yule alimwendea fundi viatu, akamwomba apigilie ngozi juu ya mbao zile. Ngozi kidogo na misumari: gharama yake haikuwa kitu, na wengi huihesabu kuwa ndiyo lainingi ya kwanza ya breki za gari. Lakini tazama tofauti kati yake na mimi wa mwaka 1996. Yeye aliona tatizo kwa macho yake, akachagua dawa aliyoielewa, kisha akapanda mwenyewe pamoja na watoto wake. Mimi niliketi ofisini, nikachagua karatasi yenye tarakimu ndogo, na lori nikawaachia wengine.

Tena yafaa tujue breki hufanya kazi gani, maana anayejua kazi ya kitu hawezi kudanganywa upesi na bei yake. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Kutoka Lushoto kupita Soni hadi Mombo ni zaidi ya kilometa 30, na barabara inateremka karibu meta 1,000. Gari la kilo 1,000 likishuka kimo hicho, nishati yake inatosha kuchemsha kiasi cha lita 30 za maji, yaani ndoo moja na nusu. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na injini na upepo. Linalobaki hubebwa na pedi ambazo ukiziweka pamoja zinaenea kiganjani. Pedi dhaifu hushika vizuri sana mbele ya duka, mahali tambarare. Ikipata moto mlimani, mchanganyiko wake hulegea, hutoa gesi, ikaanza kuteleza. Kwa hiyo maneno ya fundi, "gari litasimama tu," yalikuwa kweli kwa kituo cha kwanza. Abiria hupanda gari kwa ajili ya kituo cha mwisho.

Hata hivyo, bei kubwa nayo si shahidi mwaminifu. Wapo wanaotia pedi za bandia katika boksi la jina kubwa wakaziuza kwa bei ya jina hilo. Kwa upande mwingine, zipo pedi za bei ya kati zilizopimwa kwa Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayodai kwamba ushikaji wa pedi ya kubadilishia usipishane na ule wa pedi asilia kwa zaidi ya asilimia 15. Alama yake huwa ni herufi E ndani ya duara, ikifuatana na namba. Alama nayo huweza kughushiwa, ndiyo maana hunitosha pale tu muuzaji anapokubali kuandika jina lake na jina la bidhaa kwenye risiti. Asiyetaka kuandika amekwisha nijibu.

Kuna atakayeniuliza: "Mwalimu, na maskini afanye nini? Utamlaumu kwa asichonacho?" Swali hili ni la haki. Hakuna wajibu unaomtaka mtu atoe kisichokuwepo. Lakini nimegundua kwamba tunapofikiri tuna njia mbili tu, cha ghali au cha hatari, mara nyingi tumeisahau ya tatu, nayo ni kungoja. Gari linaweza kulala. Mtu asiye na uwezo wa kulisimamisha gari bado hana uwezo wa kuliendesha, hata kama funguo ziko mfukoni mwake. Neno hili ni chungu, hasa kwa anayepata mkate wake barabarani, nami sitamhukumu kutoka barazani kwangu. Lakini najihukumu mwenyewe, kwa sababu mwaka ule lori lingeweza kulala mwezi mmoja, na mazoezi ya kufundisha yangeweza kungoja.

Basi nililipa ada ya mjukuu kwanza. Gari likalala wiki tatu, nami nikapanda basi kama wenzangu. Kisha nikanunua pedi za shilingi 65,000, nikazikagua kama nilivyokuwa nikikagua madaftari, nikachukua risiti. Fundi alibadilisha na mafuta ya breki, maana yakizeeka hunyonya maji, na yakipata moto huchemka. Siku hizi nashuka Soni kwa gia namba mbili, polepole, na wenye haraka wananipigia honi.

Pedi zilikuwa jambo jepesi kuliko jingine lililobaki. Nilitafuta namba ya simu ya yule mwanachuo, ambaye sasa ni mwalimu mtu mzima, nikamweleza nani alichagua lainingi zile. Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Mwalimu, mguu wangu nimekwisha uzoea. Watoto wa dereva wanajua?"

Hawakuwa wakijua. Safari yangu ya kwanza kwa pedi mpya ilikuwa kwenda kwao. Nilimkuta mwanawe mkubwa, nikamwambia yote, nikamwachia barua niliyoitia saini, inayofuta ile ya kwanza. Najua haina nguvu yoyote ya kiserikali. Aliipokea kwa mikono miwili, kama baba yake.