Je, Yafaa Kuifurahia Hadithi ya Mauaji?

Jioni moja huko Kasikeu, kijana mmoja alikuwa akisoma kitabu cha upelelezi, huku akitabasamu. Nyanya yake, aliyekuwa akisuka kiondo kando yake, alimwuliza habari ya kitabu kile. "Ni habari ya mtu aliyeuawa, nyanya," akajibu. Mama mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na huyo aliyekufa, mjukuu wangu, hana mama wa kumlilia?" Kijana hakuwa na jibu.

Wewe msomaji, ungejibu nini?

Huenda ukasema kwamba hadithi si kweli, wala hakuna damu iliyomwagika. Jibu hilo halitoshi, kwani moyo hujifunza hata kwa mambo ya kubuni. Azoeaye kuufurahia msiba wa kitabuni aweza kuuzoea na wa jirani.

Hebu basi tutazame furaha hiyo yatoka wapi. Mwaka 1930 Agatha Christie, mwandishi wa Uingereza, alitoa kitabu kirefu cha kwanza chenye habari za Miss Marple, ajuza wa kijijini afumaye sufu huku akisikiliza. Wengi humdharau, lakini yeye ndiye amgunduaye mwuaji, kwa kuwa amezijua tabia za watu kwa miaka mingi. Katika Afrika ya Mashariki, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa katika "Mzimu wa Watu wa Kale," kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1960. Maiti yaonekana mzimuni. Lakini Bwana Msa hatishwi na mizimu, yeye hutafuta ushahidi.

Basi tukifurahiacho si kifo. Twafurahi kuona kwamba uvumi umeshindwa, asiye na hatia ameokoka, na kweli imedhihirika. Hayo si madogo. Kijijini, mtu afapo ghafula, minong'ono hutangulia; na pengine humwangukia mkongwe asiye na mtetezi, akaitwa mchawi. Hadithi njema hutufundisha kungoja ushahidi kabla ya kumnyoshea mtu kidole.

Walakini swali la nyanya yule halijaondoka. Mwandishi akimfanya marehemu kuwa fumbo tu, nasi tukamsahau, tumepotea. Kwa hiyo soma, ukafurahi. Lakini ufungapo kitabu, mkumbuke marehemu kabla ya kumsifu mpelelezi. Maana kweli hutafutwa kwa ajili yake, naye hawezi tena kujisemea.