Hataza na Deni la Ukweli

Je, ni haki mtu kumiliki alichokivumbua, ikiwa akili aliyoitumia amepewa na Mungu na ujuzi alioanzia ameurithi kwa waliomtangulia? Wanaoitetea hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kwa muda wasiutumie uvumbuzi wake, na wanaoipinga wamezoea kulijibu swali hili kwa kuitazama sheria peke yake. Mimi naona jibu limo kwenye makaratasi ya ombi, ambayo wengi huyaona ni kazi ya ofisini tu. Hataza moja inaweza kuwa haki na nyingine dhuluma chini ya sheria ileile, kwa kuwa mwombaji mmoja ameeleza ukweli wote na mwingine ameufunika.

Asili ya hataza ni makubaliano. Sheria ya Venice ya mwaka 1474 ilimpa mvumbuzi ulinzi wa miaka 10, lakini baada ya kukiwasilisha kifaa chake kwa maofisa wa mji. Siku hizi Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, katika ibara ya 29, unamtaka mwombaji aueleze uvumbuzi wake kwa uwazi na ukamilifu, kiasi kwamba mtaalamu wa fani hiyo aweze kuutekeleza; naye hulipwa ulinzi usiopungua miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Mvumbuzi anatoa elimu, umma unatoa subira. Hapo maelezo ya hataza yanakuwa hati ya deni, na dini zina la kusema kuhusu hati za namna hiyo. Aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inaamuru deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mwenye deni atamke bila kupunguza kitu. Mizani hiyo inamfaa pia anayeandika ombi la hataza, kwa sababu anaowadai wavumilie ni watu ambao hawapo kujitetea.

Tuseme fundi amebuni tanuri la kukaushia dagaa. Anahitaji fomu ya ombi, maelezo, madai, michoro na muhtasari. Katika maelezo, aseme kwanza watu walikuwa wakikaushaje: juu ya mchanga, juu ya vichanja, kwa moshi. Kisha aseme yeye ameongeza nini. Akiandika kwamba hewa ya moto hupitishwa "kwa muda unaofaa", hajasema uongo, lakini hajamfundisha mtu kitu. Joto kiasi gani? Saa ngapi? Trei zimeachana kwa umbali gani, na feni inavuta hewa au inaisukuma? Mchoro uoneshe kila sehemu kwa namba yake, na namba hiyo iwe ileile katika maelezo. Halafu yanakuja madai, yanayoweka mpaka wa haki yake. Akidai tanuri lolote linalokausha samaki kwa hewa ya moto, amejitwalia kazi za wengi waliomtangulia. Akidai njia ile mahususi ambayo tanuri lake huizungushia hewa, amedai kilicho chake.

Madhara ya kuvuka mpaka huo yamekwisha kuonekana. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza kwa matumizi ya manjano katika kuponya vidonda, jambo ambalo kaya nyingi za India zililijua zamani sana. Baraza la utafiti wa kisayansi la India, CSIR, lililazimika kukusanya maandiko ya kale pamoja na makala ya jarida la kitabibu ya mwaka 1953 ndipo hataza hiyo ikafutwa mwaka 1997. Mwarobaini, tunaoufahamu vizuri hapa pwani, ulipata mkasa kama huo: hataza ya Ulaya ya mwaka 1994 juu ya kutumia mafuta yake dhidi ya kuvu wa mimea ilibatilishwa mwaka 2000, na rufaa ikagonga mwamba mwaka 2005. Hatimaye Mei 2024, nchi wanachama wa WIPO, shirika la miliki bunifu duniani, zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji ataje asili ya rasilimali za kijenetiki, au jamii ya wenyeji iliyotoa maarifa ya jadi, pale uvumbuzi wake unapoyategemea.

Wapo watakaosema elimu ni ya Mungu, hivyo kuimiliki hata kwa siku moja ni makosa. Hoja hii ina uzito, lakini hataza haimzuii mtu kuijua elimu: ombi huchapishwa, kila mtu akasoma, na muda ukiisha kila mtu akatengeneza. Kinachoizika elimu ni siri ya biashara, isiyo na ukomo. Wengine watasema kazi ya wakili ni kumlinda mteja wake kwa kudai kingi na kufichua kidogo, kisha mkaguzi atarekebisha. Lakini mkaguzi anaona karatasi tu. Yeye haijui karakana, wala hakijui kijiji kilichotoa maarifa. Mwenye kujua ni mvumbuzi, kwa hiyo dhamana haiwezi kumtoka. Tatu, wapo wanaohofia kwamba fundi maskini akisema yote ataibiwa na wenye mitaji, hasa kwa kuwa hataza hulinda katika nchi ilikosajiliwa tu. Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kuwasilisha ombi kabla ya kukitangaza kifaa, na kuandika madai imara. Anayeona hatari bado ni kubwa ana ruhusa ya kutunza siri yake. Asichoweza kudai kwa haki ni siri na ulinzi kwa pamoja.

Sisemi kwamba ukweli wa maelezo unatosha. Dawa inaweza kuwa na hataza iliyoandikwa kwa uaminifu wote na bado mgonjwa akafa kwa kukosa bei yake. Mwaka 1923 watafiti Banting, Best na Collip waliiuza hataza ya insulini kwa Chuo Kikuu cha Toronto, kila mmoja kwa dola moja tu, kwa kuwa waliona uhai una haki ya kwanza. Haki ya kuitumia hataza ina masharti yake; haki ya kuipata inaanzia kwenye maelezo. Basi kabla ya kutia saini, mvumbuzi ampe rasimu fundi mwenzake wa fani hiyohiyo asiyewahi kukiona kifaa chake. Fundi huyo akiweza kukitengeneza, mwombaji amelipa deni lake na anastahili kulindwa. Akishindwa, ombi lirudi mezani, kwa sababu bado linaomba zaidi ya kile linachotoa.