Mtunga Sheria Akikalia Kiti cha Hukumu

Hapa Gitega, katika mji wa Kigali, ambako hadi mwaka 2012 jirani alimhukumu jirani katika baraza la gacaca, hapana haja ya kumweleza mtu uzito wa kuhukumu. Tena sisi Waislamu tumerithi hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba makadhi ni watatu na wawili wao ni wa Motoni, na yapokewa kuwa Imamu Abu Hanifa alistahabu kifungo kuliko kuupokea ukadhi wa Khalifa. Basi linalonishughulisha ni hili: aliyeitunga sheria kwa mkono wake, je, yafaa ahukumu kwayo?

Namkumbuka Jaji Joseph Sinde Warioba wa Tanzania, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, mbunge, kisha Waziri Mkuu tangu 1985 hadi 1990, na ambaye katika miaka hiyo ya themanini aliiongoza Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoandaa njia ya kuutekeleza mkataba wa bahari wa 1982. Mwaka 1995 alishindwa ubunge wa Bunda, akaenda mahakamani kama mdai yeyote, na uchaguzi ule ukabatilishwa. Nami naona kwamba kusimama kule mbele ya hakimu, baada ya kuishika dola, kulikuwa madrasa kubwa kuliko vyeo vyote. Mwaka 1996 akawa miongoni mwa majaji 21 wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg, na baadaye wa Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo sisi Wanyarwanda tuliingia chini yake mwaka 2007.

Itazame, katika mahakama ile ya Hamburg, kesi ya Saiga, meli ya mafuta iliyokamatwa na Guinea mwaka 1997, hali usajili wake wa muda huko Saint Vincent na Grenadines umekwisha na wa kudumu haujatolewa. Majaji wengi waliona Guinea ilichelewa kuuhoji uraia wa meli; Warioba akashikilia kwamba meli isiyosajiliwa haina dola ya kuidai. Aliyekuwapo mkataba ulipoandaliwa angeweza kusema, "sisi tulikusudia hivi", akajipa ruhusa. Yeye alisimama juu ya maneno yaliyoandikwa, kana kwamba asoma waraka wa mtu mwingine, na kwangu hilo ndilo sharti la pekee la kumhalalishia kiti, kwa kuwa sheria ikishamtoka mtunzi ni amana ya watu wote. Tarehe 1 Julai 1999 kura zilikuwa 18 kwa 2, naye alikuwa mmoja wa wale wawili.