Nia Njema Haitoshi: Dhamana ya Anayeombwa Ushauri wa Mali



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Baada ya hayo, ndugu zangu, naomba tulitafakari pamoja swali moja. Mtu amekuja kwako na akiba yake, akakuuliza aiweke wapi. Ukamshauri kwa moyo safi, bila kukusudia kumdhulumu. Mali yote ikapotea. Je, unadaiwa chochote mbele yake na mbele ya Mola wako?

Wengi wetu tutajibu upesi kwamba hudaiwi, kwa sababu amali huhesabiwa kwa nia. Mimi naona jibu hilo, jinsi tunavyolitumia, lina kasoro kubwa. Na kasoro hiyo inatuhusu sisi wanafunzi kuliko mtu mwingine yeyote.

Nimekulia Nakivale, wilaya ya Isingiro, kambi iliyoanza kupokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kule tunaishi Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni na msikitini. Yupo mzee mmoja ambaye vijana wote humwita Kocha. Kabla ya vita alicheza mpira wa ligi kwao, kisha goti likamsaliti, kisha nchi nayo ikamtoa. Hapa Uganda alifanya kazi Mbarara kwa miaka mingi, akawa anaweka kidogo kidogo, hadi akafikisha shilingi 6,500,000. Alitaka kufungua duka la vifaa vya ujenzi.

Kijana mmoja wa jirani, msomi wa chuo, alimwambia kwamba duka linachelewesha. Akamwonyesha kwenye simu mradi wa mtandaoni unaolipa asilimia 10 kila mwezi. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza. Kocha amesoma Kifaransa. Alimuuliza kijana, "Mwanangu, umeusoma?" Kijana akasema ameusoma. Miezi minne baadaye mradi ukafungwa, simu za wenyewe hazikupatikana tena, na kijana akaja kwa Kocha akilia: "Kocha, wallahi sikukudanganya. Na mimi niliamini, na fedha zangu zimekwenda." Alisema kweli. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Kocha alikuja kulijua baadaye: siku alipoweka fedha, kijana alilipwa kamisheni ya shilingi 650,000 kwa kumleta.

Tusidhani kwamba jambo hili huwapata wakimbizi na wasiojua Kiingereza tu. Mwaka 2025 BBC ilionyesha filamu kuhusu wachezaji wa zamani wa ligi kuu ya Uingereza waliojiita V11. Miongoni mwao yumo Danny Murphy aliyechezea Liverpool, na Michael Thomas, yule aliyefunga bao la dakika ya mwisho Anfield mwaka 1989 likaipa Arsenal ubingwa. Wanaeleza kwamba walikabidhi mapato yao kwa washauri wa fedha waliozoeleka katika duru za soka, na fedha zikapotea katika miradi ya uwekezaji. Wengine, juu ya hasara hiyo, waliandamwa na mamlaka ya kodi kwa madeni yaliyotokana na miradi ileile. Polisi wa Jiji la London walichunguza, lakini hakuna aliyeshtakiwa, na washauri wenyewe wamekana kufanya kosa.

Kwa nini wachezaji? Maisha ya mpira ni mafupi. Wengi huacha kabla ya miaka 36, nao wanatakiwa kuishi miaka 40 mingine kwa kile walichochuma katika 15. Tena mchezaji hulelewa tangu utotoni katika utiifu. Kocha akisema kimbia, anakimbia. Daktari wa timu akisema pumzika, anapumzika. Hahoji, kwa sababu anayehoji huachwa benchi. Akiletewa mtu mwenye tai aambiwe huyu ni wetu, atatia saini kama anavyoingia uwanjani. Hali hiyohiyo anayo mwalimu aliyestaafu hapa Mbarara, na mjane aliyeuza shamba, na yeyote aliyepata fedha nyingi mara moja bila kuzoeshwa kuzilinda. Qur'ani katika Surat An-Nisaa inatuagiza tuwajaribu mayatima kwanza, tuone kama wana busara ya mali, ndipo tuwakabidhi. Hekima yake haiishii kwa mayatima. Kumiliki mali ni jambo moja, na kujua kuisimamia ni jambo jingine.

Hapa ndipo watu husema, "Ni tamaa yake mwenyewe." Maneno haya nimeyasikia Nakivale, na nimeyasikia hapa chuoni baada ya sala ya Ijumaa. Sikatai kwamba tamaa ipo. Lakini tamaa ya aliyedanganyika haifuti kosa la aliyemshawishi. Mwizi hapunguziwi hukumu kwa sababu mwenye nyumba alisahau kufunga dirisha. Isitoshe, Kocha hakutamani utajiri. Alitaka duka, na aliuliza swali sahihi kabisa: umeusoma? Alichokosa ni jibu la kweli.

Sasa tuje kwenye nia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayeombwa ushauri amebebeshwa amana. Amana kwa kawaida hailipwi ikipotea bila uzembe. Lakini kuna mafundisho mengine, yaliyopokelewa na Abu Daud, ambayo wenzetu wa kitivo cha udaktari wanapaswa kuyajua kwa moyo: anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Tazameni vizuri. Hakuulizwa kama alimpenda mgonjwa. Hakuulizwa kama alikusudia kuua. Kosa lake lilianza kabla ya dawa, pale alipokaa katika kiti cha mjuzi ilhali hajui.

Mimi si mufti, na hukumu ya kisheria nawaachia masheikh wetu. Lakini kimaadili sioni tofauti kati ya anayegusa mwili bila elimu na anayegusa riziki bila elimu. Kwa mtu wa miaka 58 aliye kambini, akiba ya miaka 12 ni dawa yake, ni karo ya watoto, ni uzee wake. Nia njema inaweza kumwondolea kijana yule dhambi ya uongo kuhusu mradi. Haiwezi kumwondolea dhamana ya kujifanya anajua. Na pale aliposema "nimeusoma" ilhali hakuusoma, hata ile nia njema ilikwisha toboka.

Mwenzangu mmoja alinipinga kwa hoja nzito. Alisema, "Ukimfanya kila mshauri kuwa mdhamini, nani atathubutu kumshauri mzee wake? Biashara yote ina hasara." Hoja hii inastahili jibu. Kanuni ya tabibu haimgusi tabibu mjuzi aliyefuata taratibu za fani yake, kisha mgonjwa akafa kwa kadari ya Allah. Na katika mudharaba, hasara humwangukia mwenye mtaji, si mfanyaji kazi, ila kama mfanyaji kazi alizembea au alivuka mipaka. Uislamu haukatazi hasara. Kinachokatazwa ni kumficha mtu hatari anayoibeba. Hata mshirika katika mudharaba hawezi kumhakikishia mwenye mtaji faida maalumu. Kwa hiyo anayekuja na ahadi ya asilimia 10 kila mwezi bila kukosa, amekwisha kujitambulisha kabla hujamuuliza jina.

Kisha ipo kamisheni. Kulipwa kwa kazi ya udalali si haramu yenyewe, na dalali sokoni anajulikana kuwa ni dalali. Ubaya ni pale dalali anapovaa kanzu ya mshauri. Kocha alidhani anamsikiliza mwanawe, kumbe alikuwa anamsikiliza muuzaji. Angejua kwamba kila milioni moja anayoweka inamletea kijana laki moja, angeyapima maneno yake kwa mizani nyingine. Kumnyima mtu habari ambayo ingebadili uamuzi wake ni ghishi, hata kama kila neno lililotamkwa lilikuwa la kweli.

Tujihadhari pia na dini kutumiwa kama muhuri. Tanzania, mwaka 2009, upatu wa DECI ulioongozwa na wachungaji uliwavuta watu kwa lugha ya kupanda na kuvuna, hadi serikali ikauzima. Kabla hatujawacheka, tukumbuke Misri ya miaka ya 1980, ambapo kampuni ya Al-Rayan na nyinginezo zilikusanya akiba za Waislamu kwa jina la uwekezaji usio na riba, zikaanguka mwishoni mwa muongo ule, na watu wakabaki na risiti. Neno "halali" kwenye bango si ushahidi wa kitu. Fedha inayolipwa kutoka mfukoni mwa aliyekuja jana ni dhulma, hata ikifunguliwa kwa Bismillah.

Hapa kwetu Uganda Dunamiscoins ilifunga milango Desemba 2019, ikawaacha vijana wengi wakilia. Kati ya 2022 na 2023 ikaja zamu ya BLQ Football, iliyojipamba kwa jina la mpira. Miradi ya namna hii huhitaji watu wa kuieneza, na nani anafaa kuliko mwanafunzi? Ana simu, anajua Kiingereza, ana makundi ya WhatsApp, na nyumbani kwao anaitwa msomi. Wazee hawakuuliza unasoma nini. Unaweza kuwa unasomea maabara au ualimu. Kwao wewe umesoma, basi unajua. Ndiyo maana nasema swali hili ni letu.

Wengine husema, "Ilikuwa riziki yake, imeandikwa." Kadari ni faraja ya aliyepoteza. Haiwezi kuwa kinga ya aliyesababisha. Kocha akisema "Alhamdulillah, Allah atanipa nyingine," hiyo ni subira. Kijana akisema maneno hayohayo juu ya mali ya Kocha, hiyo ni kukwepa deni.

Basi kijana yule anadaiwa nini? Naona anadaiwa mambo matatu. Kwanza, zile 650,000 azirudishe, kwa sababu zilitoka katika mali ya Kocha na zilipatikana kwa kuficha. Hapo sioni mjadala. Pili, asimame naye: amsomee ule mkataba neno kwa neno kwa lugha anayoijua, amwandikie malalamiko, ampeleke polisi, asimwache mzee azunguke ofisi peke yake na kitambulisho cha ukimbizi. Tatu, awaambie hadharani wale wengine aliowaalika. Toba katika haki za waja haimaliziki kwenye msala. Ina mlango wa mtu wa kubisha hodi. Kuhusu zile 5,850,000 zilizobaki, kama analazimika kuzilipa zote, tuwaulize wanazuoni. Lakini anayesema hadaiwi hata senti moja aniambie kwanza kwa nini tabibu asiyejua anadaiwa.

Na sisi je? Mzee akija kwako, una njia ya kumsaidia bila kujitia ujuzi. Neno "sijui" ni nusu ya amana. Nusu ya pili ni kazi ndogo ambayo elimu yako inatosha kuifanya. Piga hesabu mbele yake: 1,000,000 kwa asilimia 10 kila mwezi, faida ikiachwa humo, inakuwa kama 3,138,000 kwa mwaka, na kama 30,900,000 kwa miaka mitatu. Muulize ni biashara gani Mbarara nzima inayozaa hivyo. Kama mradi unataka kila mtu alete watano, mwonyeshe kwamba ngazi ya 11 inahitaji watu 48,828,125, na sensa ya 2024 iliikuta Uganda yote na watu milioni 45.9. Tazama kama taasisi imo katika orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni, na kama anayejiita mshauri wa uwekezaji anatambuliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayetaka kuepuka riba naye ana mlango: sheria ya 2016 iliruhusu benki za Kiislamu, na ya kwanza ilipata leseni mwaka 2023. Na kila makubaliano yaandikwe, kama Surat Al-Baqara inavyoagiza kuhusu madeni, kwa lugha ambayo mwenye mali anaielewa, na mashahidi wawepo.

Mwisho, ukiwa unalipwa chochote kwa ushauri huo, sema kabla hajatoa fedha. Taja kiasi. Ukiona ulimi wako unakuwa mzito kukitaja, umeshapata fatwa yako kutoka moyoni.

Allah atujaalie kuwa waaminifu katika mali za watu, awarudishie waliodhulumiwa kilicho bora zaidi, na asiifanye elimu yetu kuwa hoja dhidi yetu Siku ya Kiyama. Amin.

Wallahu a'lam.